Kabla hujampa jina buibui wa chini ya jiwe

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Uingereza niliandika Drassodes lapidosus, jina la buibui mmoja, kwenye vichupa kumi na vinne vya buibui niliowakusanya. Msimamizi alinirudishia karibu vyote. Rangi nilikuwa nimeiona sawasawa: kijivu cha kahawia, vinyweleo laini kama vya panya. Ila ndugu yake, Drassodes cupreus, amevaa sare hiyohiyo. Wakubwa hutenganishwa kwa viungo vya uzazi, tena kwa hadubini. Ukipata mtoto, andika Drassodes ukomee hapo, si aibu.

Ukiwa bado malishoni, mtazame mwishoni mwa tumbo kwa lenzi ya mkononi. Viungo viwili vya mbele vya kutolea uzi viko kama vibomba vilivyoachana. Clubiona, buibui mwingine anayeshona kifuko kama yeye, vyake vimechongoka na kubanana.

Sasa jiwe. Walckenaer, mtaalamu wa buibui Mfaransa, alipomwita lapidosus mwaka 1802 hakukosea, maana neno hilo la Kilatini limejaa mawe. Mchana buibui huyu hujificha chini ya jiwe ndani ya kifuko cha hariri, usiku hutoka kuwinda kwa miguu, hategi utando. Mimi nilikuwa napindua jiwe, nadaka buibui, hariri naifuta kwa kidole. Nilikuwa nafuta nusu ya habari! Dume mkubwa akiwa karibu na jike ambaye hajakomaa, ujue anasubiri: jike akijivua ngozi ya mwisho, atampanda angali mlaini. Na jike aliyejifungia na mayai yake analinda. Piga picha, umwache.

Usiweke wawili kwenye kichupa kimoja. Nilifanya hivyo siku ya mvua, vichupa vimeniishia, nikafika nyumbani na mmoja na furushi. Hawa hula hata buibui wenzao, na wana namna ya kukwepa meno: humzunguka adui wakimbandika utepe wa hariri inayonata miguuni na mdomoni, ndipo wanamuuma. Buibui wengine hutumia hariri ya aina hiyo kugandisha nyuzi zao mahali. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ukoo huu umeigeuza silaha, na kwa sababu hiyo umepungukiwa uwezo wa kugandisha nyuzi.

Spiriti ya asilimia 70 inatosha kuhifadhia. Karatasi ya jina iandike kwa penseli, wino huyeyuka. Jiwe nalo lirudishe kwa upande uleule lilivyokuwa.