Aleji ya pua na vidonge vya vitamini D: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama vidonge vya vitamini D vya yuniti 50,000 vitakumalizia aleji ya pua, maana kuna mtu kakwambia vimemponya. Aleji hii ninayo tangu sekondari, na hivyo vidonge nimeshaandikiwa na daktari, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Vitamini D kweli ina kazi kwenye kinga ya mwili. Chembe za kinga zina vipokezi vyake, na huzisaidia zisipaniki kwa vitu visivyo na madhara. Aleji ndiyo hiyo paniki: mwili unatengeneza kingamwili za IgE dhidi ya kinyesi cha utitiri wa vumbi (vijidudu visivyoonekana kwa macho), histamini, kemikali inayoleta chafya na kamasi, inamwagika, unaamka na chafya mfululizo na kamasi nyepesi kama maji. Ndiyo maana watafiti wakaijaribu. Majibu yamegongana: majaribio mengine yameonyesha nafuu, hasa kwa wenye upungufu waliokuwa wanaendelea na dawa zao, mengine hayakuona tofauti.

Mimi nilipimwa vitamini D kwenye damu kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Ikasoma 14 (nanogramu kwa mililita), na chini ya 20 huhesabiwa upungufu. Na jua lote hili la Dar! Ila mchana kutwa niko ofisini, na jua la dirishani halisaidii kwa sababu kioo huzuia miale ya UVB, ile ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani. Nikaandikiwa 50,000 mara moja kwa WIKI, kisha dozi ndogo ya kila siku. Mifupa ikatulia. Chafya zilipungua kiasi, lakini wakati huohuo nilikuwa napuliza fluticasone puani (dawa ya steroidi ya kutuliza aleji), kwa hiyo siipi vitamini sifa hiyo.

Hiyo ya kupuliza ndiyo iliyonirudishia usingizi. Inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, elekeza upande wa sikio, usilenge ukuta wa katikati. Usivute kwa nguvu, itateremka kooni. Wengi wanaiacha siku ya tatu wakidhani haifanyi kazi, kumbe inaweza kuhitaji hata wiki mbili za kila siku. Foronya na shuka fua kwa maji ya moto kila wiki, na panga boi ufute vumbi kabla hujaliwasha.

Hizo 50,000 usimeze kila siku kwa kujiamulia, nakuomba sana. Mtu mzima anahitaji kama 600 kwa siku, na bila daktari usivuke 4,000. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu: kichefuchefu, kiu, mkojo mwingi, hata mawe ya figo. Pima kwanza.

Na ukifika kwa daktari mwambie akuangalie puani pia. Pua inayoziba upande mmoja tu, au inayotoa damu mara kwa mara, huenda si aleji kabisa.