Filamu za majaribio: anza na michoro

Wengi wanaoniomba niwaelekeze kwenye filamu za majaribio huwa wameshakata tamaa. Wamefungua moja mtandaoni, hawakuona hadithi wala mhusika wa kumfuata, wakaizima. Mimi ni mhariri wa video, na ushauri ninaowapa ni uleule: iache filamu kwanza, nenda kaangalie michoro. Wengi waliozianzisha miaka ya 1920 walikuwa wachoraji, na waliingia kwenye filamu kwa sababu walitaka kitu ambacho turubai ya kuchorea haikuweza kuwapa: mwendo.

Chukua Hans Richter, Mjerumani, na Viking Eggeling wa Sweden. Walikutana Zürich mwaka 1918, mji ambako wasanii wa Dada, kundi lililopinga kanuni za sanaa, walikuwa wamekimbilia kuepuka vita. Wote wawili walitaka kupanga maumbo kwa mdundo, kama muziki. Wakaanza kuchora kwenye karatasi ndefu za kukunjuliwa, umbo likibadilika hatua kwa hatua kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukizitazama karatasi hizo, jicho lako lenyewe linaanza kutembea. Kutoka hapo kuingia kwenye mkanda wa filamu ni hatua fupi. Symphonie diagonale ya Eggeling ilioneshwa Berlin Mei 1925, mwezi uleule aliofariki.

Ya Richter, Rhythmus 21, ndiyo ninayompa kila mtu aanze nayo. Ni dakika chache tu za miraba na mistatili inayokua na kunywea. Zima sauti kabisa, maana haikutengenezwa na muziki, na nakala nyingi za mtandaoni zimebandikwa nyimbo zinazokuamulia mdundo. Kisha kazia macho kingo. Utafika mahali usijue kama mraba mweupe ndio unaosogea au ni weusi unaorudi nyuma. Swali hilo wachoraji wa dhahania, wasiochora vitu halisi, walikuwa wakihangaika nalo kwenye turubai.

Kwa Fernand Léger, mchoraji Mfaransa, tazama kwanza mchoro wake La Ville wa 1919: vipande vya jiji vimegongana, na watu wana miili kama mabomba. Halafu fungua Ballet mécanique ya 1924, aliyoitengeneza na Mmarekani Dudley Murphy. Kuna mwanamke anapanda ngazi amebeba mzigo begani. Anakaribia juu, anarudishwa chini, anapanda tena, na tena. Usiruke kipande hicho! Mwanzoni unajiuliza ni nani na anakwenda wapi. Baadaye maswali hayo yanakwisha, unabaki na mkono unaopunga na mwili unaoyumba, na mtu amekuwa sehemu ya mashine mbele ya macho yako. Nilijifunza mengi kuhusu marudio hapo kuliko kwenye somo lolote la uhariri.

Man Ray, msanii Mmarekani, namwachia mtu anayependa kutengeneza kwa mikono. Tayari alikuwa akipiga picha bila kamera, kwa kuweka vitu juu ya karatasi ya picha na kuimulika. Mwaka 1923, kwa ajili ya onyesho la Dada jijini Paris, akafanya hivyohivyo kwenye mkanda wa filamu: akanyunyiza chumvi na pilipili manga, akatawanya pini, akawasha taa. Filamu ikaitwa Le Retour à la raison. Isimamishe na uisogeze fremu moja moja, yaani picha moja moja za mkanda. Pini zilitawanywa bila kujali fremu inaanzia wapi, kwa hiyo projekta inazikatakata, nazo zinarukaruka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Sadfa ambayo Dada waliihubiri utaiona hapo waziwazi.

Un chien andalou ya 1929 iache mwisho, ingawa ndiyo maarufu kuliko zote. Anayeanza nayo hukumbuka wembe unaokata jicho, basi. Tazama kwanza michoro ya Salvador Dalí, mchoraji Mhispania aliyeiandika filamu hiyo pamoja na mwongozaji wake, Luis Buñuel, hasa ile ya 1929 yenyewe. Sisimizi utakaowaona kwenye kiganja cha mkono ndani ya filamu, utakuwa umeshakutana nao kwenye turubai.