Maswali ya Wasomaji: Kamba, Mnyororo na Sindano

SWALI: Mhariri, ninaandika kutoka Newala. Mjomba wangu aliugua akili akiwa kijana, na kwa miaka mingi, kila ugonjwa ulipompanda, wazee walimfunga kamba kwenye mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Sasa ametulia kwa sindano ya kila mwezi, lakini kovu la kamba bado limeuzunguka mguu wake juu ya kifundo. Katika kikao cha ukoo, mpwa wangu anayesoma chuo alisema kwamba wazee walifunga watu kwa sababu ya kuamini majini, na kwamba Wazungu waliacha mambo hayo zamani kwa kuwa wana sayansi. Wazee walikasirika sana. Ukweli ni upi?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakupa pole kwa maradhi ya mjomba, na tunamshukuru Mungu kwamba ametulia. Mpwa wako ana haki ya kuchukizwa na kamba, ila chanzo chake hakukijua. Walioamini majini walifunga wagonjwa, na waliokuwa na hospitali, madaktari na vitabu walifunga vilevile, tena kwa chuma.

Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, katika maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, ilikwishaandikwa kwamba kifafa hakitoki kwa miungu bali kwenye ubongo. Elimu hiyo haikumfungua mtu yeyote. Katika hospitali ya Bethlem ya jijini London, iliyoanzishwa mwaka 1247, watu wa mjini waliruhusiwa hadi mwaka 1770 kuingia na kuwatazama wagonjwa kama tamasha, na mwaka 1814 wakaguzi walimkuta humo mgonjwa aitwaye James Norris akiwa amevishwa pingu ya chuma shingoni na kiunoni, iliyounganishwa na nguzo kwa mnyororo mfupi, baada ya kukaa hivyo kwa zaidi ya miaka tisa. Waliomfunga hawakuwa waganga wa pepo. Walikuwa watu wa hospitali, katika nchi iliyojivunia elimu yake.

Upande wa Waislamu, ambao wengi wetu wa pwani tunawahesabu kuwa walimu wetu, hospitali za Baghdad, Damascus na Cairo zilikuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili karne nyingi kabla ya hapo, na humo walitibiwa kwa dawa, chakula, maji na muziki. Hata hivyo Benjamin wa Tudela, msafiri wa karne ya 12, aliandika kwamba huko Baghdad wagonjwa hao walikaa kwenye minyororo hadi akili ziliporejea, ndipo wakaachiwa waende makwao. Uangalizi mwema na mnyororo vilikaa chini ya paa moja.

Mabadiliko makubwa ya Ulaya yalianza mwishoni mwa karne ya 18, na hapa ningependa mpwa wako alijue jina la Jean-Baptiste Pussin. Vitabu vingi humsifu daktari Philippe Pinel kwa kuwafungua wagonjwa wa Paris, lakini katika hospitali ya Bicêtre aliyeondoa minyororo mwaka 1797 ni Pussin, msimamizi wa wodi ambaye hakuwa daktari, na ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa hapo kwa maradhi mengine. Pinel alikiri wazi kwamba alijifunza mengi kwake. Mtu aliyelala wodini na kuamka humo kila siku aliona jambo ambalo wasomi hawakuliona, nalo ni kwamba wagonjwa wengi hutulia wakizungumziwa kama watu.

Dawa zilichelewa, na njia ya kuzifikia haikuwa nyoofu. Mwaka 1917, huko Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa waliorukwa na akili kwa sababu ya kaswende iliyofika kwenye ubongo, akitumaini kwamba homa kali ingeua wadudu wa kaswende, kisha akawapa kwinini. Baadhi walipata nafuu, wengine walikufa kwa malaria hiyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Sisi wa kusini, ambao tumezika watoto kwa malaria, habari hiyo hatuwezi kuisoma kwa moyo mkavu. Baadaye penisilini ilikuja kuitibu kaswende, na aina hiyo ya wazimu ikapungua sana. Iko pia aina nyingine ambayo wazee wetu waliijua vizuri waliposema malaria imempanda mtu kichwani. Kwa hiyo mtu akianza ghafla kuweweseka akiwa na homa, apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo, mengine yafuate.

Klopromazini, dawa ya kwanza iliyopunguza kweli sauti na hofu za mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo), ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Sindano ya mjomba wako imetokana na ukoo huo wa dawa. Kabla ya hapo, hapa nchini palikuwa na Lutindi, kituo cha wamisionari wa Kijerumani kwenye milima ya Usambara, kilichoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Kwa familia ya Newala, Dodoma ilikuwa safari ya kumpoteza mtu. Mimi siwezi kuwahukumu wazee waliochagua kamba wakati chaguo la pili lilikuwa kutomwona tena mtoto wao, ingawa kovu hilo halipaswi kuongezwa kwenye mguu wa mtu mwingine.

Mwafrika aliyeziba pengo hilo ni daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Kuanzia mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, wagonjwa wake walipanga vyumba kwenye vijiji vilivyozunguka hospitali pamoja na ndugu aliyewapikia na kuwaangalia, wakatibiwa mchana na kurudi kijijini jioni, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Waambieni wazee kwamba dua na ngoma havimzuii mtu kuchoma sindano yake kwa tarehe. Kinachomrudisha kwenye ugonjwa ni kuambiwa aache dawa kwa sababu amepona.

SWALI: Ni kweli wagonjwa wa akili huchomwa umeme? Msomaji, Kilwa Masoko.

JIBU: Tiba hiyo ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, na mwanzoni ilifanywa mgonjwa akiwa macho, mwili ukitikisika hata mifupa kuvunjika, ndiyo sababu hofu yake imesambaa hivyo. Siku hizi, inapofanywa inavyotakiwa, mgonjwa hupewa kwanza dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli. Hutumika hasa kwa sonona kali isiyosikia dawa, na baadhi ya wagonjwa husahau mambo ya siku za karibuni, jambo ambalo daktari anapaswa kuwaeleza wao na ndugu zao kabla hawajakubali.