RNA nayo hurithisha: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo mwalimu. Darasani tunaambiwa DNA ndiyo hubeba urithi. RNA ni mjumbe tu? (Mwanafunzi, Mafinga)

Marahaba. DNA na RNA ni nyuzi za kikemikali zinazobeba maelekezo ya uhai. Kwa binadamu, mahindi na kila kiumbe chenye seli, urithi uko kwenye DNA kweli, ingawa RNA si mjumbe tu. Ila virusi vingi vimeuweka urithi wao wote kwenye RNA. Ushahidi ulitoka kwenye tumbaku, zao ambalo wakulima wa Iringa na Chunya wanalijua vizuri. Mwaka 1956 watafiti walitenga RNA ya kirusi cha batobato ya tumbaku na protini yake, wakaipaka RNA peke yake kwenye majani mazima. Majani yakaugua, na ndani yake vikapatikana virusi kamili, protini zao zikiwemo.

Kwa nini basi sisi tunatumia DNA? (Msomaji, Uyole)

Swali hili nalipenda mno. Sukari ya RNA ina oksijeni moja zaidi, na hiyo huurahisishia uzi kukatika. DNA haina udhaifu huo, tena ina nyuzi mbili: mmoja ukiharibika, mwenzake ndiye kiolezo cha kuutengenezea. Kuna na hili la herufi, yaani vijenzi vya kikemikali ambavyo maelekezo huandikwa kwavyo. Herufi iitwayo sitosini huweza kuharibika yenyewe ikawa nyingine, urasili. Kwenye RNA urasili ni herufi ya kawaida, kwa hiyo kosa halijulikani. DNA hutumia herufi ya thimini mahali pa urasili, hivyo seli ikiukuta urasili humo inautambua kuwa ni mgeni na kuung'oa. Kitabu cha herufi bilioni 3 kama chetu kisingedumu bila ulinzi huo.

Kideri cha kuku na homa ya nguruwe vina tofauti? (Mfugaji, Njombe)

Kideri ni RNA, herufi kama 15,000. Homa ya nguruwe ya Afrika ni DNA, na urithi wake ni mrefu zaidi ya mara kumi. Lakini usipimie ukali hapo: kideri kina chanjo ya matone ya jichoni, wakati homa ya nguruwe haina tiba. Usiruhusu wageni wala mabaki ya nyama bandani.

VVU ni vya RNA. Mbona vinajificha kwenye DNA? (Msomaji, Tukuyu)

Vina kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali) cha kunakili RNA kuwa DNA, aina iliyogunduliwa mwaka 1970 kwenye virusi vya jamii hiyo. Nakala hupachikwa kwenye DNA ya seli na kutulia humo miaka mingi. Kimeng'enya hicho hakisahihishi makosa yake, kwa hiyo virusi hubadilika haraka. Ndiyo sababu dawa hutolewa kwa mchanganyiko: kirusi kinachoikwepa moja hukutana na nyingine. Ndugu yangu, dozi ikirukwarukwa, kirusi hupata mwanya wa kuzikwepa zote.