Jibu: Maabara kuukuu kupata tuzo ya mazingira

Mwalimu, umeuliza kama maabara ya chuo chenu hapa Kisumu yaweza kutuzwa kwa kutunza mazingira, au ni lazima mjenge upya. Yaweza, na hakuna ukuta wa kubomoa. Cheti cha LEED, cha majengo yanayotunza mazingira, hutazama zaidi jengo lenyewe, lakini mpango wa LEAF, uliobuniwa University College London, hupima mnavyofanya kazi, kisha hutoa ngazi ya shaba, fedha au dhahabu.

Anzeni na friza ya kuhifadhia sampuli, ile ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Moja tu yaweza kula stima kama nyumba nzima. Mkiipandisha hadi 70 chini ya sifuri, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 30, na sampuli nyingi hazidhuriki (wenye sampuli wakubali kwanza, tafadhali). Toeni barafu, safisheni vichujio vya vumbi, na sampuli zisizo na mwenyewe ziteketezwe kwa utaratibu. Chumba kipate hewa, maana joto letu la ziwani huifanya friza ihangaike mchana kutwa.

My Green Lab na I2SL, mashirika yanayohimiza maabara zitunze mazingira, huendesha shindano la kimataifa la kutumia friza vizuri, jiungeni. Na mkishinda, wahudumu wanaoosha vyombo na kuzima mitambo jioni watajwe pia kwa majina. Kazi hiyo ni yao hasa.