Kabla ya kupunguza ugali, angalia unavyomeza kidonge cha tezi

Wiki hii umeingia ujumbe wa dada mmoja aliyekutwa na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Huu ni mwezi wa nne anameza dawa. Ugali kauacha, anakula mara moja kwa siku, na mizani haijasogea: kilo 84. Nyumbani wanamwambia lazima anakula kwa kujificha. Anauliza afanye nini zaidi.

Dada, usiongeze kitu, panga upya. Mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja, la homoni na la chakula. Ukianza kulifungua upande wa chakula wakati homoni bado iko chini, utajitesa bure. Kidonge kianze kufanya kazi, vipimo vya damu vithibitishe, ndipo uiguse sahani.

Hao wanaokusema wajue hivi: tezi ikilala, mwili hutumia nguvu kidogo hata ukiwa umekaa tu. Utumbo huenda polepole, choo kinakuwa kigumu. Moyo hupiga taratibu, ngozi hukauka, baridi inakuingia wakati wenzako wanajipepea. Chini ya ngozi hujikusanya chumvi na maji, ndiyo maana unaamka macho yamevimba na pete haivuki kidole. Huo si ulafi, na inauma mtu mgonjwa kuitwa mlafi.

Lakini na hili ulijue mapema, kwa sababu wengi hulijua wakiwa wameshakata tamaa. Tezi peke yake, kwa kawaida, huongeza kilo mbili hadi tano hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi, si mafuta. Upungufu ukiwa mkali sana zinaweza kuzidi. Dawa ikikaa sawa, hizo ndizo zitakazoondoka. Kama umeongezeka kilo ishirini, kidonge hakitazibeba zote, hata daktari awe hodari kiasi gani. Zilizobaki zinatoka kwa njia ileile anayoitumia mtu mwenye tezi nzima, ila wewe unaanzia nyuma yake.

Tuanze na kidonge basi. Levothairoksini, ndilo jina lake, ni homoni ya T4, ile ambayo tezi huitoa kwa wingi, iliyotengenezwa kiwandani, na ni dawa yenye deko. Inataka tumbo tupu na maji matupu. Chukua asubuhi ya kawaida: mtu anaamka saa kumi na moja, anabandika chai ya maziwa, anatoa kidonge na kukisukuma kwa funda la chai hiyohiyo, halafu anakula maandazi mawili. Kameza, ndiyo, lakini sehemu ya dawa imeshikwa na kalsiamu ya maziwa ikapita nayo hadi chooni. Kesho hivyohivyo. Baada ya miezi mitatu daktari anasema dawa haitoshi na kuongeza kipimo, kumbe kinachotakiwa ni nusu saa tu.

Meza kidonge kwa glasi ya maji ukiamka tu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa au chakula. Kahawa nyeusi nayo inazuia dawa, kwa hiyo kuondoa maziwa hakusaidii. Ukishindwa asubuhi, meza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Chagua njia moja ubaki nayo. Ukikisahau asubuhi, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka, tumbo likiwa tupu. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake bado imo baada ya siku saba hivi, kwa hiyo siku moja haikuangushi. Kinachokuangusha ni mazoea ya kurukaruka.

Adui mkubwa kuliko chai ni vidonge vya kuongeza damu. Wanawake wengi wenye tezi dhaifu hutokwa na hedhi nzito, wanapungukiwa damu, wanapewa madini chuma, na wanameza vyote kwa pamoja ili wasisahau. Chuma kinaishika homoni, na hakuna anayeshtuka. Achanisha kwa saa nne: tezi alfajiri, chuma mchana au jioni. Vivyo hivyo kalsiamu na dawa za kutuliza asidi ya tumbo. Omeprazole nayo ikitumiwa muda mrefu hupunguza ufyonzaji, hata ukiachanisha saa. Unga wa soya kwenye uji wa lishe pia una tabia hiyo, usiufanye kuwa kifungua kinywa cha dakika kumi baada ya kidonge. Na kama umeanzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, au za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, mwambie anayekutibu tezi, kwa sababu dawa hizo hufanya mwili uitumie homoni haraka na kipimo kinaweza kuhitaji kupanda.

Soma pakiti pia. Nyingine zimeandikwa mikrogramu 50, nyingine miligramu 0.05, ni kitu kimoja. Mikrogramu 100 ni miligramu 0.1. Watu wamewahi kumeza nusu au mara mbili ya walichoandikiwa kwa sababu ya nukta hiyo. Vidonge havitaki joto, unyevu wala mwanga, kwa hiyo dirisha la jikoni si mahali pake. Na ukipata vya kampuni moja ukaendelea navyo, usibadilishe kila ukienda duka la dawa; ikibidi kubadilisha, pima damu tena baada ya wiki sita.

Sasa kipimo chenyewe cha dawa. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, hesabu ya kuanzia ni mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 84 inaangukia karibu 130. Tezi ikiwa bado inafanya kazi kidogo, hupungua. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 25 au chini ya hapo na kupandishwa taratibu. Madaktari wengi huanza na 50 kwa tahadhari, na wako sahihi. Kosa ni kubaki hapo. Dada, kama leo bado uko kwenye 50 ulizoanzia mwezi wa kwanza na hakuna aliyekutoa damu tena, basi huenda jibu lako liko hapo, wala si kwenye ugali.

Kipimo cha damu cha kuomba ni TSH, homoni inayotoka kichwani kuiamrisha tezi, ambayo hupanda tezi ikizembea, pamoja na T4 huru. Kinafanyika wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadilisha kiasi cha dawa. Mapema kuliko hapo unapoteza pesa, TSH bado inatembea. Kwa maabara nyingi, kawaida ya mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0. Nenda asubuhi, na siku hiyo meza kidonge baada ya kutoa damu, ili T4 isionekane juu kwa sababu ya kidonge cha saa hiyo. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku mbili kabla, maana huipotosha mashine ya maabara na kuleta majibu ya uongo. Wanaokatika nywele kwa sababu ya tezi ndio hasa wanaonunua vidonge hivyo, kwa hiyo jambo hili lisipite hivihivi.

Kuna wenye TSH iliyopanda kidogo, chini ya 10, huku T4 ikiwa sawa. Hao mara nyingi wakipewa dawa mizani haibadiliki, kwa sababu unene wao haukutoka kwenye tezi. Mwenye majibu kama hayo asikae mwaka mzima akisubiri kidonge kimpunguze.

Na tafadhali, asikushawishi mtu kujiongezea vidonge ili upungue haraka. Nchini Marekani karatasi ya dawa hii ina onyo ndani ya kisanduku kwamba isitumike kutibu unene, kwa sababu inayotosha kukukondesha inatosha pia kukudhuru. Moyo huanza kwenda mbio na kupiga bila mpangilio, mifupa hupoteza madini, usingizi unakukimbia, mikono inatetemeka. Vidonge vya kukonda vinavyouzwa bila maandishi ya maana vimewahi kukutwa na homoni za tezi ndani yake. Unaweza kuwa unameza homoni mara mbili na hujui.

TSH ikishatulia, njoo kwenye sahani. Kwanza acha huo mlo mmoja kwa siku. Mwili ukinyimwa sana hupunguza kazi ya kuigeuza T4 kuwa T3, na T3 ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli. Kidonge chako ni T4. Unameza homoni kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mkono mwingine. Juu ya hayo unapoteza misuli, na usiku wa siku ya tano unamaliza sufuria.

Chukua nyumba ya watu wanne. Unga wa ugali gramu 600, kila mmoja gramu 150. Mafuta yanamiminwa kwa jicho. Ukiyapima mara moja unakuta vijiko sita vya chakula kwenye mboga ya mchana na sita tena usiku. Chai vikombe vitatu, vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja. Sasa punguza hivi: sehemu yako ya unga iwe gramu 100, na unga mkavu una kalori kama 360 kwa kila gramu 100, umeokoa 180. Mafuta yawe vijiko vitatu kila mlo. Kijiko kimoja ni kalori 120, kwa sehemu yako umeokoa 90 mchana na 90 usiku. Sukari kijiko kimoja kwa kikombe, umeokoa karibu 100. Jumla ni karibu kalori 460 kwa siku, na ugali bado upo mezani. Kwa mwendo huo unatarajia robo hadi nusu kilo kwa wiki, na baadaye kasi hupungua kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Usiikubali ahadi ya kilo kumi kwa mwezi.

Pima unga mkavu kabla haujaingia kwenye maji. Ukisubiri uive hutajua kitu. Mafuta weka kijiko ndani ya kopo lenyewe, ili mkono usipate nafasi ya kumimina.

Nafasi iliyoachwa na unga ijazwe na protini na mboga. Mayai mawili, kikombe cha maharage yaliyopikwa, kipande cha samaki cha gramu 100 na kikombe cha maziwa vinakufikisha karibu gramu 60 za protini. Ongeza iliyomo kwenye ugali wenyewe, unakaribia 70. Hiyo inalinda misuli na inashibisha. Maharage na mchicha vinalainisha choo, na choo kigumu kina uzito wake kwenye mizani.

Kabeji na mhogo vimesingiziwa sana. Vina vitu vinavyoweza kuibana tezi pale mtu anapokosa madini joto na kuvila kwa wingi kila siku. Kabeji iliyopikwa, na mhogo ulioandaliwa na kuiva vizuri, havikudhuru ukiwa unatumia chumvi yenye madini joto. Funika chumvi hiyo, iweke mbali na moto, itie mwishoni mwa mapishi, wala usiizidishe. Ukiambiwa unga wa mwani unatibu tezi, kataa. Mwani una madini joto mengi, na kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili inaishambulia tezi, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjapani Hashimoto aliyeuandika mwaka 1912, madini joto yakizidi huzidisha tatizo.

Mazoezi yaje taratibu. Misuli ya mtu mwenye homoni pungufu huuma na kukakamaa, kwa hiyo anza na dakika kumi za kutembea baada ya chakula, ongeza dakika tano kila wiki hadi ufike 150 kwa wiki. Mara mbili kwa wiki, kaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo, na pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu. Mara nyingi kiuno hupungua kabla mizani haijakubali.

Mwezi wa Ramadhani haufungui mlango wa kuacha kidonge. Kimeze saa tatu baada ya futari nzito kabla ya kulala, au amka nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku. Anayefuturu kisha akala tena baada ya tarawehe ahesabu saa zake kuanzia mlo huo wa mwisho. Na mwenye tezi dhaifu akigundua ana mimba, asisubiri kliniki ya kwanza ya wajawazito. Awasiliane na daktari siku hizohizo, kwa sababu mahitaji ya dawa hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi, na huo si wakati wa kupunguza uzito.

Kama TSH imekaa sawa kwa miezi mitatu, sahani umeipima kweli, na kiuno hakijasogea, rudi kwa daktari ukiwa na karatasi yenye majibu ya damu na tarehe zake, saa unayomeza kidonge, na kila dawa nyingine unayotumia. Itaje sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Zitaje dawa za jamii ya steroidi, za magonjwa ya akili, na dolutegravir, dawa ya VVU, kama unaitumia, ila usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwambie kama hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota kidevuni, maana huenda tatizo liko kwenye ovari. Mwambie kama unakoroma na kushtuka pumzi ikiwa imekatika. Hayo yote huzuia kilo kushuka, na yote yana njia yake ya kutibiwa.