Maswali Yenu: Baisani na Mikono Isiyotulia

Baisani si nyati wa Marekani tu?
Si nyati. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Wote ni ukoo wa ng'ombe, basi. Walowezi wa Kizungu ndio walioyachanganya majina, na ninyi mnaendeleza.

Asili yake ni huko huko?
Asia. Mababu zake walivuka kwa miguu hadi Alaska, bahari ilipokuwa imeshuka.

Wanasayansi wanajuaje kwamba watu waliwinda baisani wa kale? Si wanakisia?
Mwaka 1908 mafuriko yalilichimba korongo moja karibu na Folsom, New Mexico. George McJunkin, mchunga ng'ombe Mweusi aliyezaliwa utumwani, akaona mifupa mikubwa kuliko ya baisani aliowazoea, tena chini sana ardhini. Aliwaeleza watu kwa miaka mingi. Akafa 1922, hakuna aliyekuja kuchimba. (Angekuwa profesa, wangekuja wiki ileile.) Wachimbaji walifika 1926, wakapata ncha za mikuki za mawe, ila zilikuwa zimeshabanduka mahali pake, na wabishi wakazikataa. Mwaka 1927 ikaonekana nyingine katikati ya mbavu. Safari hii hawakuigusa. Walituma telegramu, wataalamu wakaja kujionea wenyewe. Ubishi ukaisha hapo: watu walikuwako Amerika pamoja na wanyama wa zama za barafu.

Nimenunua fuvu la baisani mtandaoni, pembe zina upana wa sentimita 60. Ni la latifrons, yule baisani wa kale wa pembe ndefu?
Pembe za latifrons zilipita upana wa mita 2. Lako laweza kuwa la baisani wa juzi. Muuzaji alikwambia lilitoka wapi? Kama hakusema, umenunua pambo, na pengine la wizi: katika ardhi ya serikali ya Marekani huchukui kisukuku cha mnyama mwenye uti wa mgongo bila kibali.

Nikiona mfupa wa kale korongoni huku Arusha, niuokote usipotee?
Usiuguse! Piga picha, weka alama, kawaambie watu wa mambo ya kale.

Walikuwa mamilioni. Mifupa ilienda wapi?
Mashambani. Baada ya baisani kuuawa kwa wingi miaka ya 1870, mifupa iliyotapakaa juu ya ardhi ilikusanywa, ikapakiwa kwenye treni na kusagwa kuwa mbolea. Mingine ilitumika kusafishia sukari. Iliyofukiwa zamani ndiyo iliyosalimika, kama ile ya Olsen-Chubbuck, Colorado, ambako wawindaji waliwasukumia korongoni baisani wapatao 190, kama miaka 10,000 iliyopita. Walioangukia chini kabisa hawakuchunwa, maana wenzao waliwalalia na visu havikuwafikia.